Jiko la gesi la mtungi mdogo linaposumbua: dalili, chanzo na matengenezo

Karibu kila wiki jirani hunijia na kichomeo chake amekifunga kwenye kipande cha khanga, anasema jiko limekufa, anataka kujua kipya kinauzwa bei gani. Nikikifungua nakuta uji umekauka kwenye matundu, au buibui amejenga ndani ya bomba. Tunakiosha, tunakianika juani, jioni kinawaka bluu kama siku kilipotoka dukani. Uchafu wa namna hiyo haunipi hofu. Hofu naipata kwa yule anayeniambia, katikati ya maongezi mengine, kwamba jikoni kwake "kuna kaharufu kidogo, lakini tumeshazoea."

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa mwaka 2024 na unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 inaingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kupikia gesi, na mara nyingi mtungi hufika kabla ya maelekezo. Ndiyo maana nimeyaandika haya kwa kufuata dalili: tafuta ile unayoiona jikoni kwako, anza na sababu ya kwanza, usirukie ya mwisho.

Kwanza jua una jiko gani. Lipo lile ambalo kichomeo kinafungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6. Aina nyingi za hili hazina regyuleta, kwa hiyo gesi inatoka na nguvu yake yote na inapita kwenye nozo, kile kipande kidogo cha kutolea gesi, chenye tundu dogo mno. Lipo pia la mezani, la pleti mbili au tatu, linalounganishwa na mtungi kwa mpira na regyuleta inayopunguza nguvu ya gesi. Vipuri vya hili havifungwi kwenye lile. Nozo ya pleti mbili ukiifunga kwenye kichomeo cha juu ya mtungi, tundu lake ni kubwa mno kwa nguvu ile, na utapata moto usioweza kuushika.

Harufu ya gesi

Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Ile inayofanana na yai viza au kabichi iliyooza imewekwa makusudi ili pua yako ikuonye, kwa hiyo hakuna kiwango cha harufu cha kuzoea. Harufu inayobaki wakati jiko limezimwa maana yake gesi inavuja.

Kabla ya kutafuta chanzo, funga koki ya mtungi au regyuleta, zima kila moto ulio karibu, fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe feni, simu ipigie nje. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Haipandi darini ikatokea kwenye matundu ya juu. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kitanda, inaingia kwenye mtaro wa maji. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango ndio unaoitoa. Subiri mpaka harufu iishe kabisa.

Sababu ninazokutana nazo, kuanzia ya kawaida zaidi:

Swichi ya jiko haikufungwa mpaka mwisho, au mtoto ameigusa, au sufuria ilifurika ikazima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Hapa hakuna kilichoharibika.

Oringi imechakaa. Ni kile kimpira cha duara kinachoziba kati ya mtungi na kichomeo au regyuleta. Kinakauka, kinapasuka, au kinabaki kwenye mtungi wa zamani siku ya kubadilisha na wewe hujui. Bei yake ni ndogo sana, na mivujo mingi niliyoiona ilitokea hapo. Kila unapobadilisha mtungi, kiangalie kabla hujafunga.

Mpira wa gesi umepasuka au umelegea kwenye ncha zake. Ukunje kidogo kwa vidole na uangalie kwa mwanga: nyufa nyembamba, sehemu iliyokakamaa, alama za meno ya panya, sehemu iliyogusa chini ya jiko ikayeyuka. Mpira uliopasuka haufungwi kwa utepe wala kwa kipande cha tyubu. Unabadilishwa. Hata ukionekana mzima, usivuke miaka 5, na usiwe mrefu kuliko mita moja na nusu. Ncha zote mbili zishikwe kwa vibano vya chuma, si kwa waya wala kamba.

Regyuleta au valvu ya mtungi mbovu. Hutokea mara chache kuliko hizo nyingine, na si kazi yako.

Kuupata mvujo tumia povu. Koroga sabuni ya maji na maji kidogo mpaka povu liwe zito. Zima jiko, fungua gesi, kisha pakaa povu kwa sifongo kwenye valvu, kwenye maungio na mpira wote. Mapovu yanapokua yenyewe, hapo ndipo panapovuja. Usitafute mvujo kwa kiberiti hata kama umewaona mafundi wakifanya hivyo. Gesi ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 10 hivi inalipuka, na pua haiwezi kukupimia asilimia.

SIMAMA HAPA: mvujo ukiwa kwenye valvu ya mtungi wenyewe, au mtungi ukiendelea kuzomea baada ya kutoa kichomeo, usichokonoe ile pini ya ndani kwa msumari. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani imenasa, na pini inabonyea moja kwa moja. Utoe mtungi nje, uuweke wima mahali pa wazi mbali na mtaro na moto, kisha mwite muuzaji wako. Ukishindwa kuutoa kwa usalama, toeni watu wote na mpige 114, Zimamoto. Moto ukiwaka kwenye maungio ya mtungi na koki inafikika, ifunge ukiwa umezungushia mkono kitambaa kilicholowa. Ikiwa haifikiki, usihangaike kuuzima moto huo, maana gesi itaendelea kutoka bila kuungua, itajaa chumbani, na itakuja kuwaka yote kwa pamoja.

Moto wa njano, sufuria nyeusi

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, una kiini cha bluu iliyokolea katikati. Njano maana yake hewa haitoshi, gesi haiungui yote. Sufuria zinashika masizi na gesi inaisha mapema. Kibaya zaidi, kwenye chumba kilichofungwa moto huo unatoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mkipika humo na watu wakaanza kuumwa kichwa au kizunguzungu, zimeni jiko na mtoke nje kwanza. Jiko litaangaliwa baadaye.

Kabla hujahangaika, itofautishe njano halisi na cheche za rangi ya chungwa zinazopita mara moja moja ndani ya moto wa bluu. Zile ni vumbi au chumvi. Huku Tanga tunaziona sana, hasa maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria, na hazina madhara.

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni chakula kilichomwagika. Uji, povu la maharage na maji ya wali yanaziba matundu ya kofia, kile kifuniko cha juu ya kichomeo kinachotokea moto. Acha jiko lipoe, funga gesi, toa kofia, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Kila tundu lizibuliwe kwa kijiti cha meno. Kofia ya shaba ya njano inatakata vizuri kwa ukwaju au ndimu, kama bibi zetu walivyosugua sinia. Ya alumini usiitie magadi soda wala dawa ya choo, itaoza. Stilwaya nayo iweke kando: nyuzi zake zinakatika na kubaki ndani ya matundu. Mchanga na majivu tunayosugulia masufuria vinafanya hivyo hivyo.

Halafu ikaushe, na watu wengi hukosea hapa. Kofia inaonekana kavu kwa nje huku ndani ya bomba kuna maji, wanawasha, moto unatapatapa na kuwa njano, wanasema usafi umeharibu jiko. Kung'uta maji, anika juani saa mbili.

Sababu ya pili ni bomba la hewa. Chini ya kichomeo kuna bomba fupi ambamo gesi huchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye moto. Jiko lililokaa bila kutumika hata wiki chache linapendwa na buibui, na nyigu wanaojenga kwa udongo. Utando mwembamba tu unatosha kuzuia hewa. Pitisha brashi ndogo ya kusafishia chupa ya mtoto, kisha pulizia.

Ya tatu ni kidirisha cha hewa. Baadhi ya majiko ya mezani yana bati dogo linalozunguka penye mdomo wa bomba hilo. Lizungushe kidogo kidogo moto ukiwa unawaka, ukitumia koleo kwa sababu ni la moto, mpaka njano ipotee.

Ukishafanya yote hayo na njano ikabaki, nozo si ya jiko hilo au tundu lake limepanuliwa. Mpe fundi.

Moto mdogo, hauchemshi

Gesi inakwisha. Usikadirie kwa kutikisa. Mtungi umechapwa uzito wake mtupu kwenye mkono wa juu au mwilini. Upime kwenye mizani, toa uzito huo, na kinachobaki ndicho gesi. Bila mizani, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: pale panapogeuka kuwa baridi ndipo gesi ya maji ilipoishia.

Hapa kuna tabia ambayo nawasihi watu waiache: kuulaza au kuupindua mtungi ili "gesi yote iishe". Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa ikawa kimiminika kama maji, na mvuke uko juu. Ukisimama wima jiko linapata mvuke. Ukiulaza, maji yenyewe yanaingia kwenye kichomeo, na ujazo wake unapanuka zaidi ya mara 250 yanapogeuka mvuke. Moto unaotoka hapo haufanani na wa jikoni. Kinachobaki chini ya mtungi ni chai ya kikombe kimoja, na hakilingani na uso wa mtu.

Kama gesi ipo, angalia mpira uliojikunja au uliokanyagwa na mguu wa meza. Kisha nozo. Tundu lake halifiki milimita moja, na kwenye kichomeo cha juu ya mtungi ni dogo zaidi, kwa hiyo chembe ya kutu inatosha kuliziba. Ifungue kwa spana gesi ikiwa imefungwa, ipulizie kinyume na njia ya gesi, na ikikataa pitisha uzi mmoja wa waya wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano. Chuma cha sindano ni kigumu kuliko nozo, kitapanua tundu, na kuanzia hapo utapika kwa moto wa njano. Unapoirudisha, rudia kipimo cha povu.

Sehemu za baridi kama Njombe, Makete au Lushoto kuna sababu nyingine. Butani inakaribia kuacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Juni au Julai mtungi wenye gesi nusu unaweza kutoa moto wa mshumaa. Uhifadhi mahali pasipo na upepo wa baridi, juu ya ubao badala ya saruji. Usiusogeze karibu na moto wala usiumwagie maji yanayochemka.

Mtungi unatoa jasho au barafu

Watu wanaogopa sana hili, na mara nyingi hapana ubaya. Gesi inapogeuka kuwa mvuke inachukua joto kutoka kwenye mtungi, kama spiriti inavyopoza ngozi. Mama ntilie anayewasha pleti mbili kubwa kwa mtungi wa kilo 6 toka alfajiri ataona umande, kisha barafu nyeupe, na moto unapungua ingawa gesi ipo. Mtungi ni mdogo kwa kazi hiyo. Upumzishe, punguza moto, au hamia mtungi wa kilo 15. Barafu ikijikusanya kwenye valvu au kwenye ungio moja tu, hilo ni jambo jingine: huenda panavuja. Pima kwa povu.

Moto unaruka, unavuma, au unapiga "pu!" na kuzimika

Kofia haijakaa sawa. Naanza na hilo kila mara, kwa sababu baada ya kuosha inarudishwa upande. Izungushe mpaka ikae kwenye vijino vyake.

Moto unaojitenga na kofia, una kelele na unaelea juu, umepata nguvu au hewa kupita kiasi. Punguza kidirisha cha hewa kwanza. Kisha angalia regyuleta. Zile za majiko makubwa ya chipsi, zenye mkono wa kuzungusha wa kuongezea nguvu, hazifai jiko la mezani la nyumbani. Jiko la nyumbani linahitaji ya nguvu ndogo, isiyorekebishwa kwa mkono.

Moto unaoingia ndani na kuwaka chini ya kichomeo, penye nozo, unautambua kwa mlio wa kuzomea na swichi kuanza kupata joto. Zima mara moja na usubiri kipoe. Mara nyingi ni kofia iliyopinda, nozo iliyoziba nusu, au swichi iliyofunguliwa kidogo mno. Ukirudia baada ya kusafisha, kichomeo kimeliwa ndani. Badilisha.

Kiwashio hakitoi cheche

Hili dogo. Futa ile ncha nyeupe ya kauri, mafuta na unyevu vinakula cheche. Angalia waya haujachomoka, na kama ni cha betri, badilisha betri. Wakati unasubiri kipuri washa kwa kiberiti: njiti iwake kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukichelewa na gesi imeshatoka, funga, subiri dakika chache, anza upya.

Jiko la kuchomea nyama linapoparamia moto

Kwa wenye jiko dogo la gesi la mishkaki, moto unaopanda ghafla si gesi iliyozidi. Ni mafuta ya nyama. Yanadondokea kwenye bati la chini, yanagandana siku kwa siku, na siku moja yanashika. Zima gesi, ondoa nyama, funga mfuniko. Usimwage maji. Ukiwa na chumvi au mchanga mkavu, nyunyizia. Baadaye bati la mafuta litolewe na kuoshwa kila baada ya kuchoma, wala lisisubiri Jumapili. Wavu usugue ungali na joto kiasi, kwa nusu ya kitunguu iliyochomwa kwenye uma au kwa brashi. Kama ni brashi ya waya, futa wavu kwa kitambaa chenye maji baada yake, maana waya mmoja uliobaki ukinasa kwenye nyama utaishia kooni mwa mtoto. Matundu ya kichomeo cha bomba yazibuliwe kama nilivyoeleza kwa kofia, na jiko lihifadhiwe kavu. Hewa ya bahari inakula bati haraka kuliko moto.

Swichi ngumu kuzungusha

Mafuta ya kupikia yameingia na kukauka. Usiilazimishe kwa koleo na usiipulizie mafuta ya kulainishia bawaba. Ndani kuna grisi maalumu inayostahimili joto, na ndiyo inayozuia gesi isitokee pembeni. Swichi hii ni ya fundi, ifunguliwe na irudiwe grisi.

Gesi inaisha haraka

Pima kwa povu kwanza. Kisha angalia rangi ya moto. Kisha angalia kama ndimi zinapanda pembeni mwa sufuria, maana hapo unapasha hewa ya jikoni. Maharage loweka usiku kucha, yakishachemka funika na upunguze.

Kama yote hayo yako sawa, tatizo linaweza kuwa mtungi ulikuja pungufu. Dai upimiwe palepale dukani: mtungi wa kilo 6 uliochapwa uzito mtupu wa kilo 6.8 lazima usome 12.8. Angalia sili kwenye valvu kama ipo na haijaguswa. Mtungi uliojazwa kwa kuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa kwenye ua wa nyumba ya mtu unaweza kuwa pungufu, na unaweza pia kuwa umezidi, nao uliozidi ndio wa kuogopwa zaidi. Maji ya gesi yanahitaji nafasi ya kutanuka juu yake, kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya mtungi. Ukijazwa mpaka juu asubuhi na ukakaa juani mchana, nafasi hiyo haipo. Mtungi usio na sili, wenye kutu iliyochimba, uliobonyea, au unaosoma zaidi ya uzito wake mtupu ukijumlisha kilo 6, usiupokee. Mrudishie muuzaji na uchague mwingine.